Tetemeko na Nyumba Zetu



Sisi tuliozaliwa kando ya Ziwa Kivu, ndani ya Bonde la Ufa, tumelizoea tetemeko la ardhi tangu utoto. Ardhi ikitikisika watu hutoka nje, wazee husema ni kazi ya Mungu, kisha kila mmoja hurudia shughuli zake. Lakini mtu wa kwetu akijaliwa kukaa Japani kwa masomo, kama nilivyojaliwa mimi, hurudi na mawazo mengine.

Wajapani nao wanajua kwamba hakuna awezaye kuizuia ardhi. Ila wao hutenganisha tetemeko na maafa. Alfajiri ya tarehe 17 Januari 1995 mji wa Kobe ulitikiswa, na watu zaidi ya 6,400 wakapoteza maisha. Wengi wao walifunikwa na nyumba kuukuu za mbao zenye mapaa mazito ya vigae. Majengo yaliyofuata sheria ya ujenzi ya mwaka 1981 yalistahimili zaidi. Ardhi ilikuwa moja. Nyumba ndizo zilizotofautiana.

Kwa hiyo kila tarehe 1 Septemba, siku ya kukumbuka tetemeko lililoiangamiza Tokyo mwaka 1923, hufanyika mazoezi ya kujiokoa. Watoto hufundishwa kuingia chini ya meza na kukinga vichwa. Majumbani, kabati hufungwa ukutani, na mfuko wenye maji, chakula kikavu na tochi huwekwa tayari.

Kwetu, Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, tetemeko liliitikisa Bukavu na Rusizi, na baadhi ya waumini wakaangukiwa na kuta wakiwa kanisani. Tumwachie Mungu yaliyo yake. Lakini kuta zile zilijengwa na mikono yetu.

Hatuna mali ya Wajapani, ila mengine hayahitaji mali. Usiweke sanduku zito juu ya mahali alalapo mtoto. Sogeza kitanda mbali na ukuta wenye ufa. Mtikisiko ukitulia, zima jiko kwanza. Kubalianeni mapema mahali pa kukutania nje. Na mwenye kujenga amwambie fundi azungushe mkanda wa zege na nondo juu ya kuta, hata kama sebule itapungua ukubwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kando ya Kivu, methali hiyo haina fumbo.