Daftari la Wiki: Kabla ya Kupiga Windows

"Mwalimu, hii tuipige Windows tu." Uwe Kasulu au Kibondo, ukipeleka laptop iliyochoka, fundi atakuambia hivyo kabla hajafungua hata skrubu moja. Simlaumu, ndiyo kazi inayolipa haraka. Ila laptop zetu nyingi ni za mtumba, HP EliteBook 840 G3 na wenzake wa mwaka 2016, na zilizobaki na diski ya kuzunguka zitarudia ugoigoi wake mapema. Weka SSD, RAM ifike GB 8, halafu tuongee habari ya Windows.

*

Vumbi jekundu la huku linaijua njia ya kuingia kwenye feni. Mashine ikipata joto, prosesa inajipunguzia kasi yenyewe isiungue. Brashi laini na pesti mpya ya prosesa ni gharama ndogo, na sijui kwa nini hatuziombi.

*

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. G3 ina prosesa ya Intel ya kizazi cha sita; Windows 11 inataka cha nane na kuendelea. Mafundi wanajua kulikwepa sharti hilo, lakini kwenye mashine yenye kazi za ofisi mimi nisingekubali. Kuna mwaka wa nyongeza wa ulinzi, hadi 13 Oktoba 2026, na ukiunganisha mipangilio yako na akaunti ya Microsoft hulipi kitu. Jiandikishe.

Baada ya hapo, Linux Mint. Ni ya bure, na GB 4 za RAM zinaitosha. PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, inafunguka kwenye brauza, kwa hiyo haijali sana unatumia mfumo gani. Kero iko steshenari unapokwenda kuchapisha: majedwali ya azimio la kazi uliyoyapanga kwenye LibreOffice huvurugika yakifunguliwa kwenye Word. Peleka PDF.

*

Gridi ya taifa ilifika huku mwaka 2022 na majenereta ya dizeli yakazimwa, lakini umeme bado hukatika. Umeme ukikatika usakinishaji umefika nusu na betri imekufa, Windows huenda isifunguke hadi kazi irudiwe. Azima betri nzima kwanza. Na hamisha mafaili yaliyo Desktop na Documents: yako kwenye diski C, ndiyo anayoifuta fundi. Muulize pia flashi yake ameijaza kutoka wapi, maana Windows iliyochakachuliwa huweza kuja na virusi vyake.