Sala iambatane na sauti

Chuki dhidi ya Wayahudi barani Ulaya ililishwa na maneno ya sokoni: wanatunyonya, wanaficha fedha. Mjini Haarlem, Uholanzi, wanawake wawili wa Kikristo, Corrie ten Boom, fundi saa, na dada yake Betsie, walisali, kisha wakawaficha Wayahudi nyumbani mwao, palipokuwa na duka lao la saa. Walikamatwa Februari 1944. Betsie alifia katika kambi ya Ravensbrück, Ujerumani, Desemba mwaka huo.

Jirani zetu Wayahudi wa Mbale, Uganda, nao walipigwa marufuku kuabudu enzi za Idi Amin. Maneno ya aina hiyo bado humwandama mfanyabiashara mgeni mipakani. Akina mama wanaosali kabla ya kufungua vibanda waendelee. Uvumi ukipita, waukanushe papo hapo, hadharani.