Motokari ya zamani haihitaji msamaha, inahitaji freni

Bukavu, mwezi wa kwanza 2024

Vijana wenzetu,

Wiki hii, ndani ya kundi moja la WhatsApp, kijana aliweka habari iliyotuchekesha wote. Alisema kule Uingereza motokari ikifikisha miaka 40, mwenyewe halipi tena kodi ya barabara, na contrôle technique ya kila mwaka haimlazimu. Mwengine akajibu palepale: "Basi Bukavu nzima tusilipe!"

Tulicheka sana. Kisha papa mmoja shofere wa taksi akaandika: "Munacheka nini? Corolla yangu ni muzee kuliko nyinyi. Juu ya nini wao wasamehewe, na miye nilipe kila mwaka?"

Hapo kicheko kikaisha. Papa ameuliza swali la kweli, na msimu wa vignette ndio huu. Tumjibu kwa heshima.

Kwanza, ile habari ni ya kweli, lakini ilikatwa katikati. Uingereza ilipanua msamaha wa contrôle mwezi wa tano 2018, kwa magari ya miaka 40 na zaidi ambayo hayakugeuzwa sana. Lakini msamaha wa kodi hauhusu motokari inayofanya kazi ya biashara. Na hata ukisamehewa contrôle, ukiingia barabarani bila freni, sheria inakukamata vilevile. Ujerumani ni wakali zaidi: motokari ikifika miaka 30 inaweza kupewa plake yenye herufi H, na mwenyewe analipa kodi moja ya euro 191 na senti kidogo kwa mwaka. Ila mtaalamu anaichunguza kwanza, na contrôle ya kila miaka miwili inaendelea.

Kule, motokari ya zamani ni kitu cha kutunza. Inatoka garaji siku ya jua, mzee anaizungusha, anairudisha, anaifuta vumbi. Huku kwetu motokari ya zamani ni chakula. Inaamka saa kumi na moja asubuhi, inabeba wawili mbele na wanne nyuma, volan iko kuume wakati sisi tunatembelea kuume, inapanda Kadutu, inashuka Nyawera, inaenda Panzi, inarudi usiku. Mwaka 2012 Kinshasa ilitia dekreti ya kukataza kuingiza magari ya zaidi ya miaka 10. Simama dakika kumi pale Place de l'Indépendance, uhesabu mwenyewe.

Kwa hiyo, papa, jibu letu la kwanza halitakupendeza: kwa upande wa contrôle, motokari yako haipashwe kusamehewa. Yako ndiyo inahitaji contrôle kupita zote. Mji wetu ni vilima tupu. Anayeshuka Kadutu na abiria sita, ama anayeshuka Ngomo kwenda Kamanyola na mizigo juu, maisha ya watu iko chini ya mguu wake.

Mimi ninayeandika haya nilikuwa ndani ya taksi moja mwaka jana. Tulikuwa tunashuka, shofere akakanyaga freni mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ndipo motokari ikasikia. Mama aliyekuwa karibu nami akaanza kuomba Mungu. Na pale kwenye kioo, mbele ya macho yetu, karatasi ya contrôle technique ilikuwa imebandikwa, haijapita hata tarehe. Tulipofika nilimuuliza shofere: "Papa, hii karatasi ulipewa namna gani?" Akacheka kidogo: "Mutoto wangu, nililipa, wakaniandikia. Motokari haikutoka hata parking."

Ndugu zetu, shida iko hapo. Sisi wote tumeshasamehewa contrôle bila kujua! Waliochunguzwa ni mifuko yetu. Freni hakuna aliyezitazama. Karatasi inalipwa, wa-roulage wanaitazama, motokari inaendelea kushuka bila freni. Siku inaua, tunasema ni mapenzi ya Mungu.

Sasa tuje kwa kodi. Hapa papa ana haki ya kukasirika, na sisi tunakasirika pamoja naye. Vignette inatoka kwa sheria ya tarehe 10 février 1969. Ile sheria inatazama nguvu ya moteri ama uzito wa motokari, umri haiutazami. Na imetaja wenye kusamehewa, kama magari ya Serikali. Haikutaja shemeji wa mukubwa. Haikutaja jeep ya vioo vyeusi isiyo na plake, inayopita katikati ya mji ikipiga honi na hakuna polisi anayeinua mkono.

Constitution yetu, article 174, inasema wazi: kuchangia gharama za inchi ni wajibu wa kila mtu anayeishi hapa, na hakuna msamaha wa kodi usiotoka kwa sheria. Kwa hiyo ile jeep inaiba mbele ya macho yetu. Kila franka isiyolipwa na mwenye nguvu, inatafutwa tena kwa mwenye Corolla. Ndiyo maana anasimamishwa mara tatu ndani ya avenue moja: leo vignette, kesho assurance, kesho kutwa "karatasi hii haionekani vizuri".

Kuna watakaosema: basi tusilipe hata mmoja wetu, kwani barabara ziko wapi? Tunaelewa. Anayepita kwenye mashimo kila siku hawezi kupiga kofi. FONER ipo tangu sheria ya 2008, kwa ajili ya kutunza barabara, na mwenye motokari anailisha kila anaponunua mafuta na anapopita péage. Article 204 imeweka kodi ya magari mikononi mwa jimbo. Kwa hiyo tuna mlango wa kugonga hapa hapa Bukavu. Lakini tukiacha kulipa tu bila kudai hesabu, tutawapa wakubwa sababu ya kusema: "Raia halipi, ndiyo maana hakuna barabara." Tusiwape hiyo sababu.

Kwa hiyo tunadai mambo matano:

1. Contrôle technique iguse motokari. Freni, mipira, taa, volan. Motokari isiyoonekana, karatasi isitoke.

2. Shofere anayekutwa na kosa apewe orodha iliyoandikwa na muda wa kutengeneza, kabla ya amande. Akinyang'anywa mkate siku hiyohiyo, kesho atatafuta karatasi ya kununua.

3. Bei zote zibandikwe ukutani na barabarani, zilipwe benki, na kila mtu apewe reçu.

4. Orodha ya magari yaliyosamehewa itangazwe, pamoja na sheria inayoyasamehe. Na wakubwa waanze wao: waonyeshe vignette zao.

5. Jimbo litangaze kila mwaka vignette imeingiza ngapi, na ni barabara gani imetengenezwa kwa ile makuta.

Na kama kuna mzee aliyetunza Coccinelle ama Peugeot 404 ya ujana wake, habebi abiria, anaitoa tu siku ya ndoa ya mjukuu? Hatuna neno naye. Apunguziwe kodi, kisha motokari yake ichunguzwe. Lakini ajadiliwe mbele ya watu, ndani ya Assemblée provinciale, iandikwe. Msamaha usioandikwa unakwenda kwa mwenye nguvu siku zote.

Wenzetu mashofere, hatupigani na nyinyi. Nyinyi ni baba zetu, kaka zetu, na wengi wetu tulisoma kwa makuta ya hizo taksi. Mukikataa kununua karatasi, sisi tuko nyuma yenu. Mukiombwa franka bila reçu, andikeni saa, mahali na kiasi, mutuletee.

Na wewe kijana unayesoma hii ndani ya taksi, usingoje wakubwa ndipo uanze. Leo, kabla ya kufunga mlango, uliza kwa heshima: "Papa, freni iko muzuri?" Akinyamaza, shuka. Utachelewa kidogo, lakini utafika.