Usione haya kununua kompyuta ya mtumba

Nimekuwa kimya majuma kadhaa kwa sababu ya kazi, na kilichonitoa mafichoni ni ujumbe wa dada yangu aliyeko Voi. Uliingia saa nne asubuhi, nikiwa katikati ya kusaka kosa kwenye programu ya mteja: "Kaka, nimepata kompyuta ya kijana. Mpya kabisa, bado iko kwenye boksi. Celeron, RAM 4. Wanataka 29,500. Nilipe?"

Kijana ni mwanawe wa kwanza. Amemaliza shule, anangoja kujiunga na chuo, na amejifunza Python kwa simu yenye skrini iliyopasuka, akiandika mistari ya programu kwa kidole gumba. Dada alikuwa na shilingi 35,000 za kumnunulia tarakilishi ya mezani, nyingi zikiwa za zamu yake ya chama. Hakuna nyingine zinazokuja nyuma yake mwaka huu.

Nilimjibu: "Usilipe. Ngoja nikupigie."

Nilichomwambia kwenye simu ndicho ninachotaka kuwaambia nanyi leo. Ukiwa na bajeti ya elfu thelathini na kitu, usinunue tarakilishi mpya. Nunua ya mtumba iliyotoka ofisini, yaani zile tunazoziita ex-UK, ila iwe ya mwaka unaofaa. Zitakazobaki, nunulia vitu ambavyo muuzaji hatakukumbusha.

Dada hakufurahi. "Kwa hiyo mtoto wangu ndiye wa kutumia zilizotupwa na Wazungu? Na kaka, mara ya mwisho nilipokusikiliza nilipata nini?"

Hapo alinipata.

Mwaka 2016 dada alikuwa akifungua kibanda chake cha kupiga chapa na kutoa fotokopi, akaniomba nimtafutie kompyuta hapa Nairobi. Nilikuwa na haraka. Muuzaji akaniambia, "Bosi, hii ni i7," nami, mtu wa programu niliyepaswa kujua zaidi, nikasikia i7 nikatoa pesa. Kumbe ilikuwa i7-860, prosesa iliyotoka mwaka 2009. Diski yake nayo ilikuwa imeshazunguka miaka sijui mingapi, wala sikuiangalia. Baada ya miezi saba diski ikafa. Barua za wateja, wasifu wa watu waliokuwa wakitafuta kazi, kadi za harambee, vyote vikaenda nayo. Dada aliwapigia watu chapa upya bila malipo kwa wiki mbili. Wala siwezi kusema muuzaji alidanganya. Alisema i7, na ilikuwa i7 kweli. Mimi ndiye sikuuliza ni i7 ya lini.

Kwa hiyo somo la kwanza nililipia kwa pesa za mtu mwingine: i3, i5 na i7 peke yake hazikuambii kitu. Soma namba inayofuata. Chukua i5-8500. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari, yaani 8, ndicho kizazi. Ikiwa namba ina tarakimu tano, kama i5-10500, kizazi ni zile mbili za mwanzo, yaani 10. Sasa linganisha: i5-4570 ni kizazi cha nne, ya mwaka 2013. i5-6500 ni cha sita, ya mwaka 2015. i5-8500 ni cha nane, ya mwaka 2018. Zote tatu muuzaji ataziita "Core i5", na visanduku vyake vinafanana kama ndugu wa tumbo moja. Lakini mbili za kwanza zina viini vinne vya kufanyia kazi, na ya tatu ina sita. Hata i3-8100, ambayo watu huipita kwa dharau kwa sababu ni i3, ina viini vinne sawa na i5 hizo za zamani.

Kizazi cha nane kina umuhimu mwingine. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo, kwa prosesa za Intel, inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane, ukiacha chache sana za kabla ya hapo, na inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0. Ofisi kubwa za ng'ambo hubadilisha mashine kila baada ya miaka michache hata kama ni nzima, na tarehe hiyo ilizipa sababu nyingine ya kutoa zile za zamani. Ndiyo maana utaona kizazi cha nne na cha sita zikiuzwa kwa bei ya kuvutia. Kuna mafundi watakaokuwekea Windows 11 kwa kuruka ukaguzi, na itawaka vizuri, lakini Microsoft yenyewe inasema mashine za namna hiyo hazina haki ya kupata masasisho. Umenunua nyumba yenye mlango usiofungika.

Je, za kizazi cha sita ni takataka? Hapana. Ukiwa na elfu kumi na tano tu, chukua ya kizazi cha sita, hakikisha ina SSD na RAM ya 8, kisha weka Linux Mint au Ubuntu. Ni mifumo huria, haina malipo, inapata masasisho, na kwa anayejifunza kuandika programu ni shule tosha. Mimi hula mkate wangu wa kila siku juu ya Ubuntu. Lakini kijana huyu chuoni atakutana na walimu wanaotaka kazi zifanywe kwa programu za Windows, kwa hiyo tulitaka inayomudu yote mawili.

Sasa turudi kwa ile mpya iliyo kwenye boksi. Ubaya wake ni nini? Prosesa nyingi za Celeron za bei hiyo zimeundwa kula stima kidogo, si kubeba kazi nzito. RAM ya 4 ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakubali. Ukifungua kivinjari chenye kurasa kumi, mashine inaanza kuhema. Mara nyingi RAM hiyo imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi, huwezi kuiongeza. Lile sanduku la ofisini, ambalo sote tunaliita CPU ingawa CPU hasa ni prosesa iliyo ndani, unalifungua kifuniko bila hata bisibisi na kubadilisha RAM, diski na feni. Ikiharibika sehemu moja, unanunua sehemu moja.

Na haya tunayoiona, tunaionea nini? Wakenya sisi tunavaa mitumba kuanzia viatu hadi suti ya harusi. Tunaenda Gikomba alfajiri kuchagua kamera kabla bandali halijachambuliwa na wengine, na tukirudi tunajisifu. Lakini ikifika kwenye kompyuta, tunataka ile yenye nailoni, hata kama ndani hamna kitu. Kwa nguo tunajua kuchagua, ndiyo sababu hatuoni haya. Kwa kompyuta hatujui, na aibu inaficha ule ujinga.

Dada alikuwa na hoja moja ambayo siwezi kuipuuza: je, hatugeuzwi jalala? Kuna ukweli hapo. Mashine ya kizazi cha pili au cha tatu yenye diski ya kuzunguka, ukiinunua leo, unawalipia wengine gharama ya kutupa taka yao, kisha unabaki ukiitafutia pa kuitupa. Jibu langu ni kukataa kile ambacho kimebakiza mwaka mmoja tu wa uhai. Kompyuta ya 2018 iliyokaa juu ya meza ya mhasibu, haikubebwa kwenye begi wala kumwagiwa chai na abiria, bado ina kazi mbele yake.

Basi Jumamosi nikashuka mjini na flashi mfukoni yenye Ubuntu ya kuwakia. Nilianzia Luthuli, nikamalizia Moi Avenue. Haya ndiyo niliyofanya kabla ya kutoa hata shilingi, nawe fanya vivyo hivyo:

1. Omba iwashwe mbele yako, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kwenye sehemu ya utendaji utaona prosesa yenyewe, RAM na aina ya diski. Usisome kibandiko cha nje, kinabandukika.

2. Ingia kwenye BIOS. Kwa Dell ni F2, kwa HP ni F10, kwa Lenovo ni F1. Ikidai nywila na muuzaji haijui, iache hapo hapo.

3. Angalia saa na tarehe. Ikiwa zimerudi nyuma miaka, betri ndogo ya bodi imekufa. Ni kitu cha bei ndogo, lakini kinakupa sababu ya kupunguziwa.

4. Tazama umri wa diski kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure. Mwaka mzima una saa 8,760. Diski yenye saa 40,000 imefanya kazi usiku na mchana zaidi ya miaka minne na nusu. Hata kama inazunguka vizuri, usiiwekee kazi zako.

5. Jaribu kila tundu la USB kwa flashi yako, moja baada ya jingine. Sikiliza feni. Iache mashine ikifanya kazi robo saa huku mkipiga soga.

6. Dai risiti yenye namba ya mashine na muda wa waranti ulioandikwa, si wa mdomo.

Duka la kwanza kijana wa mauzo alikataa nisiwashe kwa flashi. "Bosi, kwani hutuamini?" Nikamshukuru nikaenda zangu. Duka la tatu mama mmoja alinivutia kiti. Nikapata Dell OptiPlex 3060, i5-8500, RAM ya 8, SSD ya 256. Plagi yake ni ya pini tatu kama zetu, na kibodi ya kuazima aliyoichomeka ilikuwa na alama ya pauni juu ya 3, kwa hiyo safari yake haikuwa siri.

Hesabu ikawa hivi. CPU 21,000. Skrini ya mtumba ya inchi 22, 5,000. Kibodi na kipanya 1,000. UPS 5,500. Jumla 32,500. Nawe usishangae ukikuta bei tofauti wiki yako. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda duniani kote kwa sababu vituo vya akili bandia vinanunua chipu nyingi, kwa hiyo ukipata mashine ambayo tayari ina 8 au 16 ndani, usiiache ukidhani utaongeza baadaye kwa bei ya zamani.

UPS dada alitaka niiondoe. Nilikataa. Hiki ndicho kitu ambacho mwenye kompyuta ya mezani hana budi kukikumbuka: haina betri. Stima ikipotea sekunde moja, kazi yako imekwenda, na ikirudi kwa kishindo inaweza kuondoka na mashine. UPS ndogo haikupi saa nzima. Inakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa amani. Kama kwako stima inakatika kila siku na huna UPS, afadhali ununue laptopu, hata kama prosesa yake ni ya kizazi cha nyuma kidogo.

Msidhani nilimaliza bila kosa. Nilituma mzigo kwa basi la jioni, na asubuhi kijana akapiga simu: "Shikamoo mjomba. Waya wa skrini hauingii." Skrini ilikuwa ya VGA, na CPU ina HDMI na DisplayPort tu. Dukani tulijaribu mashine kwa skrini nyingine! Kisha akagundua haina Wi-Fi, kama zilivyo nyingi za ofisini zilizozoea waya. Kigeuzi cha HDMI kwenda VGA akakipata Voi kwa 800. Intaneti anachukua kwa simu yake kupitia waya wa USB mpaka nimtumie kidude cha Wi-Fi. Kwa hiyo ongezeni la saba kwenye orodha yangu: linganisha matundu ya skrini na ya CPU kabla hujaondoka dukani, na uulize kuhusu Wi-Fi.

Nina uhakika kiasi gani na mashine hii? Nina uhakika na prosesa yake na SSD yake, kwa sababu niliziona kwa macho yangu. Miaka mitano siwezi kuiahidi, na dada nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia kijana anunue flashi nyingine ya kunakili kazi zake kila Ijumaa, kwa sababu kilichotuuma 2016 hakikuwa diski, kilikuwa kutokuwa na nakala.

Jana usiku dada alinipigia. Hakutaja Wazungu tena. Aliuliza kama kule kwa yule mama kuna nyingine, ya pale kibandani, maana ile ya sasa inachukua muda wa kupika ugali ndipo iwake. Nimemwambia angoje mwisho wa mwezi. Akasema sawa, lakini safari hii nimpigie picha ile namba ya prosesa, aisome mwenyewe kabla ya kutuma pesa.