Mgeni wa siku nyingi: funzo kutoka Sri Lanka

Februari 2024, Idara ya Uhamiaji ya Sri Lanka iliwapa wiki mbili za kuondoka watalii wa Urusi na Ukraine waliokuwa wakiongezewa muda wa viza tangu vita kuanza. Siku chache baadaye Rais Ranil Wickremesinghe aliagiza uchunguzi, ofisi yake ikieleza kuwa notisi zilitolewa bila ya idhini ya Baraza la Mawaziri.

Kigugumizi hicho kina sababu. Ndani ya miaka miwili walikuwa wameingia Warusi zaidi ya 288,000 na Waukraine karibu 20,000, na nchi yenyewe ilishindwa kulipa madeni ya nje mwaka 2022, ikakosa fedha za kigeni za kununulia mafuta na dawa. Mgeni wa miezi sita hulipa kodi ya nyumba, hununua samaki sokoni, hupanda bajaji.

Lakini wenyeji wa pwani ya kusini walikuwa na malalamiko ya haki. Baadhi ya wageni hao, wakiwa na viza ya utalii tu, walifungua mikahawa, wakakodisha vyombo vya moto, wakahudumiana wao kwa wao. Hasira zilizidi pale Unawatuna ilipotangazwa sherehe ya "wazungu tu", ambayo ilifutwa baada ya watu kupiga kelele.

Kwa hiyo tatizo halikuwa urefu wa kukaa, bali kazi isiyo na kibali. Kumfukuza kila mtu kwa ghafla humuumiza mwenye nyumba. Kunyamaza humuumiza mwenye duka.

Ndugu zetu wa visiwani, jambo hili linatuhusu. Kwetu uhamiaji ni wa Muungano, na utalii uko chini ya Serikali ya Mapinduzi. Mianya hupatikana pale vyombo viwili visipozungumza. Na mwanya mwengine tunaufungua wenyewe: kumuazima mgeni jina lako kwenye leseni kwa malipo ya kila mwezi. Huo ni ushahidi wa uongo, na riziki yake ina shaka.

Viza ni ahadi ya pande mbili, na Suratul Maida inaanza kwa amri ya kutimiza ahadi. Mgeni aheshimu masharti aliyoingilia. Nasi tumpe amani na muda aliokubaliwa. Familia yenye nyumba ya kukodisha iandike mkataba, ikague kibali, isiuze jina.

Wallahu aalam.