Flashi yenye majina ya wahanga isitembee wazi

Flashi moja, iliyofungwa kwenye funguo za pikipiki, yaweza kubeba majina ya wahanga wa ubakaji, vijiji vyao na namba zao za simu. Hapa Goma, wengi wetu tunaokusanya ushuhuda tunaitembeza bila neno la siri, hata kuichomeka kwenye ordineta ya sekretaria ya umma ili kuchapisha kurasa mbili. Ni uzembe. VeraCrypt ni programu ya bure, inafunga flashi nzima. Wenzetu wanalalamika: ukisahau neno la siri, faili zimekwenda. Ni kweli. Basi nakala ya pili ibaki ofisini, nayo imefungwa. Kwa kuchapisha, peleka flashi nyingine, yenye kurasa hizo mbili tu.