KIINGEREZA KIWE DARAJA, KISIWE KOMEO



Kila mwenye kupita Darajani anajua kwa nini pahala pale pakaitwa hivyo. Zamani hori la bahari liliutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, na juu ya hori likajengwa daraja. Hori limefukiwa, jina limebaki. Twalitaja jina hilo leo kwa sababu moja. Daraja hujengwa ili watu wavuke. Akitokea mtu akatia komeo katikati ya daraja, akakaa na ufunguo mkononi, akachagua nani avuke na nani arudi kwao, basi hilo si daraja tena, ni kizuizi. Na hivyo ndivyo lugha ya Kiingereza ilivyofanywa katika skuli zetu.

Wapo watakaosema kwamba twakichukia Kiingereza. Hasha! Mtu wa pwani hachukii lugha ya mgeni. Mji huu umesema na Mwarabu, Mhindi, Mngazija na Mzungu tangu enzi za mababu. Twataka watoto wetu wakijue Kiingereza, tena wakijue barabara. Tunachokikataa ni ule udanganyifu wa kuwaambia wazazi kwamba mtoto akifundishwa hesabu, sayansi na historia kwa Kiingereza asichokijua, atatoka amejua Kiingereza na masomo yote pia. Wazazi wanaona wenyewe kwamba walio wengi hutoka hawana hiki wala kile.

Tuufuate mwendo wa mtoto wa mnyonge. Anaanza skuli kwa Kiswahili. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliamua kwamba hesabu na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Akiingia sekondari, karibu masomo yote yanageuka lugha. Mwalimu naye amepita njia hiyo hiyo. Anaeleza kwa Kiswahili ili mtoto afahamu, kisha anaandika ubaoni kwa Kiingereza ili mtoto anakili. Ukija mtihani, haumuulizi alichofahamu, wamuuliza alichokariri. Mtoto anajua kwa nini maji huchemka, lakini swali limemshinda kabla hajayafikia maji. Anapewa sifuri ya sayansi, na hali sifuri ile ni ya lugha. Anaambiwa hana akili. Kesho utamkuta Darajani anauza vifuniko vya simu, na akili yake iko pale pale, haikupungua hata chembe.

Sasa tumtazame yule aliyefaulu, maana yeye ndiye anayetolewa mfano. Amesoma sekondari miaka minne kwa Kiingereza, akaongeza miwili ya kidato cha tano na cha sita, akaenda chuo kikuu akasoma mitatu au minne mingine. Amejaaliwa kupata nafasi ya kuendelea na masomo Uingereza au Marekani. Anapeleka vyeti vyake. Mara nyingi jawabu linalorudi ni hili: thibitisha kwanza kwamba unajua Kiingereza!

Wachache husamehewa kwa barua ya chuo walichosoma. Waliobaki huambiwa wakafanye mtihani wa IELTS au wa TOEFL. Huo wa IELTS una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kusema. Alama zake hufika 9. Ada yake hupita dola 200, ambazo ni kama nusu milioni ya shilingi zetu. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa Serikali ya Zanzibar kilichotangazwa mwaka 2022 kilikuwa shilingi 347,000. Maana yake ni kwamba mzazi wa cheo hicho akifunga tumbo mwezi mzima, asinunue hata fungu la dagaa, bado hajaipata ada ya mtoto wake. Na mtoto akishinda, matokeo yake huhesabiwa miaka 2 tu. Baada ya hapo huambiwa arudi tena, kana kwamba lugha ni maziwa, ikikaa sana inaganda.

Si hayo tu. Serikali ya Uingereza ina orodha ya nchi ambazo raia wake hawaulizwi ushahidi wa Kiingereza wanapoomba ruhusa ya kwenda kusoma huko. Jamaica imo. Malta imo. Nchi ya Afrika haimo hata moja. Tanzania haimo, Kenya haimo, Uganda haimo, Nigeria na Ghana hazimo. Waingereza walitutawala, wakatuachia lugha yao ndani ya madarasa, na sisi tukailinda kama amana ya mayatima. Leo wao wenyewe hawaamini kwamba tunaijua. Basi twauliza, na twataka jawabu: ikiwa miaka yote hiyo ya kufundishwa kwa Kiingereza haitoshi kuwa ushahidi wa Kiingereza, ilikuwa ya nini? Tumetoa sayansi yetu tununue lugha, na mwenye duka anasema bidhaa tuliyobeba si yake.

Wazee wetu wanaijua habari hii. Siku za ukoloni watoto wa sekondari walifanya mtihani wa Cambridge. Aliyeanguka Kiingereza alikosa cheti kizima, hata akiwa wa kwanza katika hesabu. Komeo lile lilitiwa kwa makusudi, maana mkoloni alihitaji makarani wachache, hakuhitaji wataalamu wengi. Mapinduzi yakaja mwaka 1964, na tarehe 23 Septemba mwaka ule ule elimu ikatangazwa kuwa bure kwa wote. Milango ya skuli ikafunguliwa. Lakini ada iliyoondolewa mlangoni ilibaki ndani ya darasa, na ada hiyo ni lugha. Mtoto wa mwenye uwezo huilipa nyumbani, kwa vitabu, kwa mwalimu wa jioni na kwa skuli ya binafsi. Mtoto wa mkulima wa Makunduchi na wa mvuvi wa Nungwi atailipa kwa nini?

Sasa tutazame wenzetu Wachina. Tangu mwaka huo huo wa 1964, madaktari kutoka China wamekuwa wakija kutibu watu wetu, Unguja na Pemba. Daktari yule wa Kichina aliyempasua mgonjwa katika hospitali ya Mnazi Mmoja alisoma mwili wa binadamu kwa lugha ya mama yake. Sijui iko wapi aibu yake! Mgonjwa amepona, kovu limefunga, na hakuna aliyeuliza mshipa ule daktari aliujua kwa jina gani.

Je, Wachina hawasomi Kiingereza? Wanakisoma kwa mamilioni. Tangu mwaka 1987 wanafunzi wa vyuo vyao hufanya mtihani wa taifa wa Kiingereza, wenye daraja la nne na daraja la sita. Alama zake zote ni 710. Mwanafunzi husikiliza, husoma, huandika, kisha hupewa maneno ya Kichina ayafasiri kwa Kiingereza. Tulizingatie jambo hilo la mwisho. Ndani ya mtihani wenyewe wa Kiingereza, Kichina kimepewa kiti. Mtahini anakiri kwamba kijana aliye mbele yake ana lugha yake, ana fikra zake, na Kiingereza ni chombo cha kuzipeleka ng'ambo. Akianguka mtihani ule, ameanguka Kiingereza. Hesabu yake haikuguswa, wala kemia yake.

Hatusemi kwamba Wachina wamekwishapona kila ugonjwa. Kwao pia mtihani huu umewatesa vijana. Vyuo vingi viliufanya sharti la kutoa shahada, na vijana wakakesha wakikariri orodha za maneno. Lakini wenyewe wameliona tatizo na baadhi yao wameanza kulitengeneza. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Xi'an Jiaotong kilitangaza kwamba mtihani wa Kiingereza hautakuwa tena sharti la mwanafunzi kumaliza masomo yake. Taifa lenye kujiamini hulegeza komeo pale linapoona linawaumiza watu wake. Sisi tunaongeza la pili.

Watatujibu wenye kasumba: "Kiswahili hakiwezi sayansi, hakiwezi hesabu." Wanaosema hivyo na waje Darajani asubuhi, samaki wanaponadiwa. Wamsikilize dalali anavyopandisha bei, na mchuuzi anavyotoa mtaji, barafu na nauli kichwani, akajua faida yake kabla jodari hajafika mezani. Kisha waende kwa kadhi wakasikilize mirathi. Mtu amekufa, ameacha mke, mama na watoto wa kiume na wa kike. Mke ana thumuni, mama ana sudusi. Mafungu ni 24: mke 3, mama 4, na 17 yaliyobaki ni ya watoto. Hesabu hiyo imefanywa kwa Kiswahili katika visiwa hivi kwa miaka mingi, na mali za watu zikagawiwa kwa haki. Kisha mtoto wa mjane yule yule anaambiwa darasani kwamba sehemu za namba hazifahamiki ila kwa Kiingereza!

Watasema tena kwamba maneno ya kitaalamu hayapo. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia kwa Kiswahili. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ni mtu mzima, na pengine hajapata kuiona. Maneno yapo, wa kuyatumia ndio hawapo. Na Kiswahili hicho chatoka wapi? Mwaka 1928, Waingereza walipokutana Mombasa kutafuta lahaja ya kusanifu, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikifanya lugha yake ya kazi. Dunia inakiita Kiswahili mezani, na sisi wenyewe tunakitoa nje ya darasa. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Wako pia wanaosema, "Tutapata wapi kazi za hoteli na watalii?" Hoja hii ni yetu, si yao! Kijana wa hoteli anahitaji kusema Kiingereza vizuri. Hakipati kwa kunakili ubaoni maelezo ya usanisinuru asiyoyafahamu. Atakipata kwa mwalimu wa Kiingereza aliyefunzwa kazi yake, kwa vitabu, kwa kusikiliza na kwa kusema. Lugha hufundishwa kama lugha. Kumtia mtoto ndani ya fizikia ya Kiingereza ukitumai atatokea anasema Kiingereza, ni sawa na kumtupa baharini usiku ukatumai atafika Bagamoyo.

Twajua kwamba jambo hili halimalizwi kwa siku moja. Bara nako, Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari ifundishwe kwa Kiswahili kuanzia mwaka 1985. Mwaka huo ukapita, na mingine ikapita juu yake. Twajua pia kwamba skuli zetu si jambo la Muungano, Zanzibar ina wizara yake na sera yake, lakini Baraza la Mitihani la Tanzania ni la Muungano, na mtihani wa kidato cha nne ni wake. Hapo ndipo kila upande hujificha nyuma ya mwenziwe. Wizara husema mtihani si wetu, na wenye mtihani husema skuli si zetu. Mtoto amesimama katikati, anangoja.

Kwa hiyo, wananchi, haya ndiyo tunayoyadai.

Kwanza, hesabu na sayansi zifundishwe kwa Kiswahili katika skuli zote za msingi, na sekondari ifuate hatua kwa hatua, kidato baada ya kidato, vitabu vikitangulia.

Pili, serikali zote mbili zikae pamoja, ili mtihani wa kidato cha nne uandikwe kwa lugha zote mbili, na mtoto achague ile anayoweza kueleza alichonacho kichwani.

Tatu, Kiingereza kifundishwe kama somo kamili, kwa walimu waliofunzwa, na skuli ya shamba ipate mwalimu sawa na skuli ya mjini.

Nne, kijana wa mnyonge aliyepata nafasi ya kusoma nje alipiwe ada ya mtihani wa Kiingereza, na madarasa ya kumtayarisha yawe ya umma na ya bure. Kama taifa limemfunga komeo, taifa limnunulie ufunguo.

Tano, serikali yetu iwaulize Waingereza waziwazi kwa nini nchi za Afrika zilizofundisha kwa lugha yao tangu siku za ukoloni hazimo hata moja katika orodha yao.

Kila mwanachama alipeleke suala hili katika mkutano wa tawi lake, na kila mzazi amuulize mgombea atakayemjia mlangoni: mtoto wangu atafundishwa kwa lugha anayoifahamu, au ataendelea kunakili? Asiyejibu, asipewe kura.

Babu zetu walivuka hori kwa daraja, hawakuulizwa lugha. Na watoto wetu wavuke.